Elfu Kumi na Moja Walioiona Sura ya Papa Stanislas

“Ukipoteza hata soksi moja, weka kwa site yangu. Kesho inarudia, na mwenzake.”

Hayo Osée Ngosa aliyasema kwenye redio moja ya mjini Lubumbashi, saa nne asubuhi, katika kipindi cha vijana waliojitafutia kazi badala ya kungoja migodi iwaite. Mtangazaji alicheka hadi akakohoa. Akamuuliza ni watu wangapi wanaitembelea hiyo tovuti yake, Lubum Yote. Osée akasogeza kiti mbele, akajibu kwa sauti ya baba anayetaja kilo za mtoto wake mchanga: “Elfu kumi na moja. Kila siku.” Elfu kumi na moja si mchezo. Ukiwakusanya kiwanjani, muuza karanga atakosa pa kupitishia mguu.

Jambo ambalo hakulisema ni kwamba karibu wote hao, ukiwapa ramani na tochi, wasingeweza kukuonyesha Lubumbashi iko bara gani.

Tovuti yenyewe ilikuwa ya halali. Osée aliitengeneza peke yake kwenye chumba cha mbele cha nyumba anayopanga na mdogo wake Abigaïl, komini ya Kenya, ambayo ni kata ya Lubumbashi, si nchi: parseli, yaani viwanja, zinazouzwa, vyumba vya kupanga, vyeti vya shule vilivyoangushwa kwenye basi, simu zilizookotwa na wenye roho safi (hizi zilikuwa chache). Mwezi wa kwanza ilipata wageni kumi na wanne kwa siku. Tisa walikuwa Osée mwenyewe. Watatu walikuwa Abigaïl, kwa kulazimishwa. Wawili waliobaki, nadhani walibonyeza kwa bahati mbaya.

Ndipo akazigundua huduma za kubadilishana wageni. Hakuna uchawi ndani yake. Unajiandikisha bure, unafungua ukurasa wao kwenye kompyuta yako, na ukurasa huo unakupitishia tovuti za watu wengine moja baada ya nyingine, kila moja sekunde ishirini. Kila tovuti iliyopita mbele yako inakupa pointi. Pointi zako zinanunua macho ya wengine, nao wanapitishiwa tovuti yako sekunde ishirini. Mtu wa Indonesia anaonyeshwa parseli ya Ruashi, na mtu wa komini ya Kenya anaonyeshwa mafuta ya kuotesha nywele ya Indonesia. Kuangalia hapo ni neno la adabu tu. Kila mtu anaiacha kompyuta ijizungushe yenyewe, yeye anaenda kula bukari yake, yaani ugali. Osée alikuwa na kompyuta tatu za mitumba zinazozunguka hivyo usiku na mchana, kila umeme ulipokubali. Zilikuwa zinaangalia kompyuta za watu, na kompyuta za watu zikawa zinaangalia za kwake, na namba ikapanda kama homa.

Namba ndiyo iliyoleta wateja. Saluni moja, fundi wa simu, mchungaji mwenye maombi ya kufunga kila wiki: wote walilipia kisanduku pembeni mwa ukurasa. Mwenye saluni alikuwa ameshaanza kuuliza mbona hao elfu kumi na moja hawana nywele. Osée alimwambia avumilie. Abigaïl, ambaye anashona nguo kwenye baraza ya nyumba hiyohiyo, alisikia yote bila kuinua macho kwenye cherehani.

“Yaya, bale bantu yako, siku yenye batakuya tubauzishie maji,” alisema, maana yaya kwao ni ndugu mkubwa.

“Bantu banapenda namba, Abi. Miye ninabapa namba.”

“Na mutu akilomba kuona hata mumoja?”

“Nani atalomba?”

Aliyeomba alikuja siku ya Jumatano.

Mama Constance anauza makayabu, samaki wa chumvi, kwenye soko la Kenya. Kwao ni kaskazini, upande wa Kabalo. Babu yake alishuka na reli, baba yake akaajiriwa na reli, na ukoo mzima ni Wakatoliki wa kukaa benchi la tatu, mvua inyeshe isinyeshe. Baba yake, Papa Stanislas, ana miaka themanini na moja, ana ugonjwa wa sukari, na kichwa chake kimeanza kufuta mambo: kwanza majina ya wajukuu, baadaye mwaka, mwishowe nyumba anayolala. Jumanne asubuhi alivaa koti lake la zamani la reli, akafungua lango, akaondoka. Vidonge vyake vya sukari vilibaki mezani karibu na kikombe cha chai.

Mama Constance alikaa kwenye kiti cha Osée, akaweka picha ya baba yake juu ya kibodi. Nyuma yake, mlangoni, alisimama kaka yake mdogo, Fils, dereva wa malori ya mgodi. Fils, yaani mwana kwa Kifaransa, ni jina la mtu mdogo. Mwenyewe aliujaza mlango mpaka chumba kikawa giza.

“Mutoto yangu, nilikusikiaka ku radio,” alisema Mama Constance. “Ile ya soksi.”

Osée alijaribu kutabasamu. “Mama, pale nilikuwa nachekesha bantu kidogo.”

“Chekesha, haina mubaya. Lakini ile hesabu ya bantu, ulikuwa unachekesha?”

Inafaa kueleza hapa utaratibu wa Kenya, maana bila huo hofu ya Osée haieleweki. Mtu akipotea, anatafutwa kwanza mtangazaji wa mtaa, Aimé. Aimé ana pikipiki, ana megafoni, na ana sauti ya kukwangua masizi kwenye sufuria. Anazunguka avenyu kwa avenyu, kutoka sokoni hadi mashamba ya pembeni ya mji ambako watu hawana mega za intaneti wala haja nazo. Anataja jina la aliyepotea, nguo zake, urefu wake, na lugha anayoijibu akiitwa. Anasimama, anarudia, anasogea. Wanawake wanatoka jikoni na mwiko mkononi. Kazi hiyo inachukua siku mbili au tatu, na watu wengi wa mtaa huo waliorudi nyumbani walirudi kwa njia ya sauti ya Aimé.

“Aimé alikuya asubuhi na megafoni yake,” alisema Mama Constance. “Nikamurudisha.”

“Ulimurudisha?”

“Miye mwenyewe njo nilisema amurudishe,” alisema Fils kutoka mlangoni. “Aimé akipiga makelele siku tatu, bantu mia tano batasikia. We iko na elfu kumi na moja, tena bila makelele. Ao siko naelewa muzuri, petit, mudogo yangu?”

Maneno ya kweli yalimfika Osée hadi kwenye meno. *Mama, muite Aimé.* Maneno matatu tu. Lakini akaona mikono ya Fils, na akaona visanduku vya wateja pembeni ya skrini, na akasikia sauti yake ya redioni ikijisifu bado kichwani, na maneno yakageuka yakashuka tena.

“Elfu kumi na moja, kweli?” aliuliza Fils.

“Kweli,” alisema Osée.

Neno moja. Baadaye alipolikumbuka, alikumbuka pia kwamba alilisema vizuri, kwa sauti nzito.

Hakuchukua hata franga kwao. Aliweka picha juu kabisa, kubwa, na namba ya simu ya Mama Constance kwa herufi nyekundu. Walipoondoka, aliituma picha kwenye kila kundi la WhatsApp alilokuwemo. Watu waliweka alama ya machozi, kisha wakaendelea kubishana juu ya mpira. Akaenda hadi stesheni ya treni kwa miguu, akawauliza walinzi. Fils alikuwa ameshapita hapo mara mbili, wakamwambia, na mara ya pili hakuwa na adabu.

Alhamisi aliamka na jasho mgongoni. Alifungua takwimu za tovuti kama mtu anayefungua barua ya daktari. Ukurasa wa Papa Stanislas ulikuwa umeangaliwa mara elfu kumi na moja mia mbili na nne. Muda wa kila mgeni: sekunde ishirini. Siyo kumi na tisa, siyo ishirini na moja. Akatafuta wageni waliotoka Lubumbashi. Walikuwa sita. Mmoja alikuwa yeye, mmoja Abigaïl, mmoja Mama Constance, na Fils alikuwa amefungua mara tatu.

Kompyuta mbele yake zilikuwa zinaendelea kuzunguka. Nyumba ya mtu huko Brazili, vidonge vya kupunguza kitambi, bahati nasibu, nyumba, vidonge. Kwa mara ya kwanza alizitazama kweli. Akafikiri kwamba mahali fulani duniani, kwenye chumba kama hiki kisicho na mtu, sura ya mzee mwenye koti la reli inapita sekunde ishirini mbele ya kiti kitupu, halafu vidonge.

Alasiri kompyuta ikalia. Mtu alikuwa ameandika maoni chini ya picha. Osée alirukia kipanya cha kompyuta, akakiangusha, akakiokota. Maneno yalikuwa ya lugha asiyoijua. Akayapeleka kwenye mashine ya kutafsiri, akangoja. Tafsiri ikatoka: *Umeandika vizuri sana, tunangoja makala nyingine kama hii. Karibu kwenye duka letu la vipodozi.*

Akaenda kwenye duka la dawa la kona. Aliuliza kama mtu anayeulizia jambo la jirani wa mbali: mzee wa sukari akikaa bila vidonge, anaweza kukaa siku ngapi?

“Inategemea,” alisema muuzaji.

“Inategemea nini?”

“Anakula nini, anakunywa maji ao hapana, jua. Siku ya tatu, ya ine, kichwa inaanza kulala. Ni baba yako?”

“Hapana.”

“Juu ya nini unalia basi?”

Hakuwa analia, alisema, ni vumbi. Akarudi nyumbani akihesabu vidoleni. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kidole cha kesho alikikunja ndani ya ngumi.

Ijumaa asubuhi Abigaïl alizima cherehani, jambo analofanya kwa ajili ya mazishi na maji ya bomba yanapotoka tu.

“Yaya, pitia kwa Mama Constance. Nimeona banaingiza viti.”

“Viti gani?”

“Viti ya plastiki. Na bashi.”

Turubai na viti vya plastiki kwenye parseli ya watu, siku ya kazi, vina maana moja tu.

“Banamupata? Alikufa?”

“Siyui. Nimeona viti. We unaogopa Fils?”

“Ninaogopa Fils. Ninaogopa bale ba saluni, ba pasta. Ninaogopa mpaka simu yangu.”

“Kati ya bote, ni muzee tu njo hana dawa,” alisema Abigaïl, na akawasha tena cherehani yake.

Kutoka kwake hadi kwa Mama Constance ni avenyu tatu. Alizitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Lango lilikuwa wazi. Vijana wa mtaa walikuwa wanafunga kamba ya turubai kwenye ukuta, wanawake wawili wanaosha sufuria kubwa, zile zinazoazimwa parokiani. Fils alikuwa kwenye simu, anaongea na watu wa Kabalo, anawaambia wapande gari leo. Mama Constance alikaa kwenye mkeka na kitambaa kichwani, amenyoosha miguu. Alipomuona Osée akamwita kwa mkono.

“Kuya, mutoto yangu. Ikala. We ulifanya yako, Mungu anaona.”

“Mama, balimupata wapi?”

“Habakumupata.”

“Basi hii bashi ni ya nini?”

Akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto mgumu wa kuelewa.

“Ni weye njo ulitupa jibu. Jana usiku Fils alifungua tena kwa telefone yake, chini kule kunaandikwaka hesabu. Bantu elfu makumi mbili na kitu banaona sura ya Papa. Elfu makumi mbili. Na namba yangu iko pale, nyekundu. Telefone yangu haikulia hata mara moja. Mutu wa hapa akiwa mu njia, ao mu nyumba ya mutu, kati ya bale bote kungekosa hata mumoja wa kusema nilimuona? Haiwezekani. Kama macho yote ile haimuone, ni kusema hayuko tena juu ya ardhi.” Akafuta uso na ncha ya kitambaa. “Nimelomba bantu baache kumutafuta. Kesho Fils atapita mu ba morgue, mule banawekaka maiti.”

Osée hakuwahi kusikia namba yake ikisomwa hivyo. Alikaa chini mavumbini, nje ya mkeka. Wameacha kumtafuta. Mzee yuko mahali fulani, siku ya nne, na hakuna mtu hata mmoja katika mji mzima anayemtafuta, kwa sababu ya kompyuta tatu za mitumba.

“Mama,” alisema. Sauti ilitoka nyembamba. “Bale si bantu.”

“Nani?”

“Bale elfu kumi na moja. Hakuna bantu mule. Ni mashini.”

Fils alishusha simu sikioni.

“Unasema nini, petit?”

“Ni mashini inaangalia mashini, yaya. Miye ninaacha yangu inaangalia ya bengine ku Indonesia, kule ku Brazili, na yabo inaangalia yangu. Ni vile namba inapandaka. Hakuna mutu anaikala mbele.” Alitoa simu yake, akaifungua, akamnyooshea, na Fils akamshika kifundo cha mkono ili asome. “Angalia hapa. Bantu ya Lubumbashi, saba. Mumoja ni miye. Mumoja ni Abi, mumoja ni mama. Ine ni weye.”

Wanawake waliacha kuosha sufuria. Fils alisoma polepole, midomo ikicheza. Halafu akakihamisha kile kifundo cha mkono kwenye mkono wake wa kushoto, na wa kulia ukashika ukosi wa shati, na Osée akasimama bila kutumia miguu yake mwenyewe.

“Siku tatu,” alisema Fils kwa utulivu, na utulivu ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. “Siku tatu nilikuwa naambia bantu papa yangu iko naonekana.”

“Ndiyo, yaya.”

“Na weye uliyua.”

“Niliyua.”

“Fils, muache,” alisema Mama Constance.

“Yaya, huyu—”

“Muache, ninasema. Nataka kumuuliza.” Alikuwa ameshasimama, kitambaa kimeteleza begani. Akamkaribia Osée hadi harufu ya makayabu ikamfika. “Unasema hakuna mutu anamuona Papa.”

“Hakuna, mama. Nisamehe.”

“Hata mumoja.”

“Hata mumoja.”

“Basi hakuna mwenye alimuangalia akanyamaza.”

“Hakuna.”

Mama Constance alifumba macho. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo Osée alishindwa kuielewa, mpaka alipomsikia akisema, kwa sauti ya chini, “Asante, Mungu wangu,” kisha akageuka akawaambia vijana wafungue ile kamba, turubai ishuke, inaleta mkosi. Fils alibaki na ukosi mkononi, hajui aufanye nini.

“Huyu nitamupiga leo ao kesho?” aliuliza.

“Kesho. Leo tafuta Aimé.”

Aimé alifika akiwa na megafoni kifuani kama mtoto mchanga, na hakuficha kuridhika kwake. “Miye nilisema. Internet haina mapafu,” alisema. Akagawa kazi. Fils na lori la rafiki yake washike barabara ya Kipushi. Yeye na pikipiki yake aanze Kenya na kushuka Kasungami, kwenye mashamba. “Na huyu mwenye mashini apande nyuma yangu. Sauti yangu iko na malaria tangu juzi. Atasema yeye. Ku radio alikuwa anasema muzuri.”

Basi Osée akashika megafoni. Kwenye kona ya kwanza alifungua mdomo na hakuna kilichotoka, maana watu walikuwa pale, wana macho, wanamtazama yeye. Aimé akampiga kiwiko. “Papa Stanislas,” alisema Osée, na sauti yake ikarudi kutoka kwenye kuta ikiwa ya mtu mwingine, mwoga. “Muzee wa myaka makumi munane. Koti ya bulu ya reli. Anasema Kiswahili na Kiluba. Ni mugonjwa ya sukari.” Mwanamke mmoja aliuliza ana ndevu? Mwingine akauliza anachechemea? Mlevi akasema yeye ndiye Papa Stanislas, nyumbani wamempikia nini? Osée hakujua kama ana ndevu. Ilibidi ampigie Mama Constance amuulize. Siku tatu alikuwa ameiweka ile sura mbele yake, hakuwa ameona kwamba ina ndevu.

Walizunguka kwa muda wa saa nne au tano. Alikuwa anaangalia mitaro. Hakutaka kuiangalia, na alikuwa anaiangalia. Kwa kila nguo ya buluu iliyoanikwa alimgusa Aimé asimame. Walipoingia Kasungami jua lilikuwa limeanza kulala, nyumba zikawa chache na mahindi yakawa mengi, na ukisema kwenye megafoni hakuna ukuta wa kukurudishia sauti. Inaenda tu.

Mwanamke mwenye jembe begani alisimama katikati ya njia ili pikipiki isipite. Aliitwa Mapalo, walikuja kujua baadaye. Alikuwa na hasira.

“Ule bashikulu wa koti ya reli, ni wa kwenu?” aliuliza, kwa heshima ambayo Wabemba humpa babu wa mtu. “Bantu gani mwaachaka muzee vile? Iko mu kibanda ya shamba yangu tangu juzi. Anasema anangoja treni ya Kabalo. Nimetangaza ku kanisa yetu, nimeuliza ku soko. Hakuna mwenye alikuya.”

“Iko muzima?” aliuliza Osée.

“Jana alikuwa anaomba abiria tikiti. Leo asubuhi nilimupa bukari, hakufungua mudomo.”

Walimkuta amelala ubavu juu ya magunia, koti limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Ngozi ya midomo ilikuwa imepasuka. Anapumua haraka, kwa kina, kama mtu aliyepanda ngazi, na pumzi yake ilinuka matunda yaliyooza. Aimé aliweka megafoni yake chini. Wakamweka kwenye pikipiki katikati yao, Osée nyuma akimkumbatia asianguke. Kichwa cha mzee kilimlalia begani. Kila shimo la barabara lilikikatiza kile kipumzi, na kila mara Osée aliacha kupumua naye mpaka kirudi. Kwenye simu iliyobanwa kati ya sikio na bega lingine, Mama Constance aliuliza, “Umemupata? Osée, umemupata?” naye aliweza kusema “Ndiyo” tu, hakuthubutu kuongeza neno lolote juu yake.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda vitatu. Muuguzi alimtoboa mzee kidole, akaweka damu kwenye kipimo, akasubiri, akakigeuza kipimo kuelekea dirishani.

“Inasema ngapi?” aliuliza Osée.

“Haisemi. Ikipita kiasi inaandika tu kwamba imepita.” Alikuwa ameshakunja mkono wa koti la reli, anatafuta mshipa. “Insulini ninayo ku frigo. Serumu ya chumvi, ile maji ya mushipa, ilishaisha tangu asubuhi. Farmasi iko pale ngambo. Kimbia.”

“Atapona?”

“Bila serumu, hapana. Kimbia.”

Osée alikimbia. Alivuka bila kuangalia magari, akagonga kaunta kwa viganja vyote viwili, akasema kitu alichohitaji, akakirudia, maana mara ya kwanza hakikutoka. Mwenye duka alifuta vumbi kwenye chupa, akasoma tarehe yake, akaiweka kaunta.

Serumu ya chumvi, chupa moja: franga elfu sita. Osée akazihesabu juu ya kaunta, zikatimia, akaikamata chupa na kukimbia kurudi zahanati.